Matanga ya Mto

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo nainamisha kichwa. Mzee mmoja alitoka bondeni, njia ya Madibira, akashuka stendi hapa Mbeya, akaulizia mpaka mtaa wa Soweto nilikokuwa nimepanga chumba, akabisha hodi akiwa na mfuko wa mchele begani. Alikuwa amevaa kanzu yake ya kuzikia na kofia safi. Nilimsogezea kiti, hakukitaka. Alikaa sakafuni, kama watu wanavyokaa msibani, akausukuma ule mchele mbele ya miguu yangu, akasema kwa sauti ya chini:

"Pole sana, Ambakisye. Nimekuja matangani. Nasikia mto wetu umefariki, na wewe ndiye mfiwa."

Nilicheka kidogo nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

Nitakusimulia yote, ila kwanza ujue kwa nini nakusimulia wewe. Siku hizi haupiti mwezi bila kijana kunitumia ujumbe wa simu: "Shikamoo mzee, naomba unielekeze fursa za kuandika habari za mazingira." Neno fursa mmelipenda sana. Mna makundi ya fursa kwenye simu, mnatumiana fursa za mafunzo, za ruzuku, za majarida ya ng'ambo yanayonunua makala kutoka kwa waandishi wasioajiriwa. Siwalaumu. Mkono mtupu haulambwi, na mimi mwenyewe kazi hiyo imenilisha, japo kwa vipindi, na katikati ya vipindi nimeuza viazi. Lakini kila ninapoulizwa fursa iko wapi, mimi namwona yule mzee amekaa sakafuni.

Shule niliiacha mapema, kidato cha pili sikukimaliza. Ada ilikuwa shida, lakini si ada peke yake. Miguu ilikuwa inaniwasha. Nimechuma chai Mufindi, nimepakia mbao Mafinga, nimekuwa utingo wa malori mpaka Tunduma. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, na mimi yangu niliila mpaka magotini. Ila kila nilipofika niliuliza. Kwa nini kijito hiki kina povu? Kwa nini kilima kile kimeachiwa misitu yake na hiki kimenyolewa? Watu walinichoka. Tajiri mmoja wa mbao aliniambia, "Wewe Mnyakyusa, nimekuajiri mabega, sikuajiri mdomo." Basi yale niliyokatazwa kuuliza nikaanza kuyaandika. Habari yangu ya kwanza ilikuwa ya maganda na unga wa mbao uliokuwa ukitupwa kwenye maji ya watu. Nilimtumia mhariri wa gazeti moja Dar es Salaam, mtu tusiyejuana, akaichapa. Hakuniuliza cheti. Hapo ndipo nilipojua kuna kazi duniani ambayo udadisi si kosa.

Kikaja kiangazi kimoja kikali. Mhariri yule akanipigia kwenye simu yangu ya kitochi.

"Ambakisye, uko karibu na Usangu?"

"Naweza kuwa karibu, bosi."

"Nataka mto. Mto uliokauka, na mzee wa kuulilia. Ukinifanyia vizuri, kuna ukurasa wa mazingira unaanza, kila wiki. Nitakupa wewe."

Mwanangu, wewe unayetafuta fursa unaijua ladha ya maneno hayo. Ukurasa wa kila wiki! Mtu asiye na kidato, asiye na ofisi, jina lake litoke gazetini kila wiki. Sikulala. Asubuhi nilikuwa njiani.

Mto wenyewe ni mdogo, unaitwa Lukwivi. Unateremka kutoka milima ya upande wa Mufindi, unaingia bondeni kwenye mashamba ya mpunga, na huko unakutana na wenzake. Nilipoufikia kijijini haukuwa na tone. Ulikuwa mchanga mweupe tu, umejikunja kama mkeka uliosahauliwa uani, na kando yake mikuyu mikubwa iliyosimama kijani kana kwamba haina habari na jua. Mzee niliyemkuta pale anaitwa Salehe, Msangu kwa baba, Mhehe kwa mama. Alikuwa amepiga magoti mchangani, anachota maji kwa kata kutoka kwenye kishimo alichokifukua kwa mikono, polepole, anajaza ndoo.

"Kamwene," nikamsalimu, kwa maana salamu ya Iringa nilijifunza nikipakia mbao.

"Kamwene, kamwene. Punguza sauti kidogo, baba."

Nikapunguza. Nikataka kukatiza katikati ya mchanga nimfikie, akaninyooshea mkono nizunguke. Nikazunguka. Nilipofika nikamuuliza mto huu umekuwaje. Akanitazama, akautazama ule mchanga, akasema maneno mawili tu:

"Mto umelala."

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu shina la habari liko hapa. Mimi nimezaliwa Tukuyu, nimekulia katika nyumba ya Wamoravian. Kwetu mtu mzima hasemi ovyo kwamba fulani amekufa, anasema amelala. Mchungaji akitangaza kanisani, anasema mama yetu amelala katika Bwana. Makaburi ya babu zangu yana saruji iliyoandikwa "Hapa amelala". Mzee amenishusha sauti, amenizuia kukanyaga, amesema umelala. Nikaona nimeelewa. Nikavua kofia. Naapa kwako, nilivua kofia, na mzee Salehe akaniangalia kwa mshangao kidogo, akaendelea kuchota, nami nikampiga picha kwa kamera ya kuazima.

Nilipanda kilimani kutafuta mtandao, nikamsomea mhariri nilichoandika. Nilipofika kwenye neno lile akanikatiza.

"Umelala? Umelala maana yake nini?"

"Ni lugha ya heshima, bosi. Maana yake umekufa."

"Basi tuandike umekufa. Msomaji hana muda wa heshima."

Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyofundishwa. Mimi niliyewachosha watu kwa maswali maisha yangu yote, siku ile swali moja dogo sikuliuliza, kwa sababu nilidhani najua jibu. Neno tunalolijua tangu utotoni ndilo linalotupiga chenga. Neno la kigeni utaliuliza. Neno la mama yako utalipita tu.

Habari ilitoka ukurasa mzima. Kichwa chake, kwa herufi nene: MTO UMEKUFA. Na chini yake picha ya mzee Salehe amepiga magoti, ukimwona utadhani anaomba dua kaburini. Nilinunua nakala nikazigawa Soweto yote. Mhariri akanipigia kwamba ukurasa ni wangu, wiki ijayo tunaanza.

Wiki haikuisha, mzee akabisha hodi na mchele wake.

Aliponiambia zile pole, nikamuuliza:

"Mzee Salehe, mbona sikuelewi? Wewe mwenyewe uliniambia mto umelala."

"Nilikuambia umelala. Wewe ukaandika umekufa."

"Si ndiyo hiyo hiyo, mzee? Kwetu Tukuyu mtu akifa tunasema amelala."

Akafikiri. Akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Na watoto wenu jioni wakienda kitandani, mnasemaje?"

Tunasema wamelala, mwanangu.

"Ninyi Wanyakyusa mnapenda misiba, hilo linajulikana," akasema. "Tunawatania miaka yote kwamba mkikosa msiba wenu mnaazima wa jirani. Lakini watu wamewaishia, kwamba sasa mnazika na mito?"

Hapo nilicheka, na yeye akacheka kidogo, halafu kicheko kikamtoka usoni na hakikurudi. Akaanza kunieleza. Kwao Lukwivi hulala kila kiangazi. Ukilala, watu huuheshimu kama wanavyomheshimu baba aliyejilaza mchana. Hapitishwi ng'ombe pale mchangani. Haingizwi jembe. Maji ya kunywa yanachotwa kwa mkono na kata, kwa sababu chini ya mchanga maji bado yanatembea, na jembe huyafumua yakapotea. Mikuyu ya kingo haiguswi. Watoto wakipiga kelele wanaambiwa nyamazeni, mto umelala. Mvua zikinyesha milimani, unaamka wenyewe.

"Sasa gazeti lako lilikuja na basi," akasema. "Likasomwa mashineni, watu wamejaa wanasaga. Mto umekufa. Imeandikwa, na picha yangu ipo, kana kwamba mimi ndiye shahidi. Unajua aliyelala na aliyekufa wanatofautiana wapi, Ambakisye? Aliyelala hakuna anayegusa nguo zake. Aliyekufa hurithiwa."

Kisha akamalizia.

"Wameanza kugawana. Mjukuu wa kaka yangu, Fadhili, ndiye anayewaongoza. Wamepima mchanga kwa kamba, kila mmoja kipande chake cha bustani. Mikuyu wataikata wachomee matofali. Mmoja umeshaanguka. Nikawaambia acheni, mto haujafa. Wakanionyesha picha yangu."

Nilijisikia kama nimemwagiwa maji baridi ya mlima wa Kawetere alfajiri. Nikaanza kujitetea, kwamba ni mhariri, kwamba Dar hawajui. Akanyanyua mkono.

"Sikuja kugombana. Nimekuja kuomba kitu. Msiba ukitangazwa kwa makosa, mdomo wa jirani hauwezi kuufuta. Unafutwa na mdomo ule ule uliotangaza. Nautaka mdomo wako."

Nikampigia mhariri, mzee akiwa amekaa pale pale sakafuni. Nikamwambia tumekosea, tuchape sahihisho. Alicheka, si kwa ubaya. Alikuwa mtu mwema tu aliyechoka.

"Ambakisye, gazeti la wiki iliyopita limeshafungiwa vitumbua. Mto ukianza kutiririka nitumie picha. Lakini ukurasa mpya ukianza kwa kujikanusha, nani atatusoma? Niandalie hadithi nyingine."

"Nikienda kukanusha mimi mwenyewe, bosi?"

"Ukikanusha kwa jina lako, sitaweza kukuanzishia ukurasa kwa jina hilo hilo. Fikiria."

Nilifikiri. Sitaki kukudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilikata simu nikakaa kitandani, nikatazama nakala za gazeti zilizobaki pale mezani. Mchele ulikuwa sakafuni kati yetu, mchele mzuri wa bondeni, mweupe, wenye kunukia hata ukiwa mbichi. Ulikuwa mchele wa mto ule ule. Mtu ameubeba njia nzima hiyo kuja kunipa pole kwa jambo nililolivumbua mwenyewe. Nikaona kwamba nikiupika huo mchele nikaula bila kufanya kitu, nitakuwa nimekula matanga ya aliye hai.

Nikavaa viatu. Nikamwambia, "Twende redioni."

Unajua redio zetu za mikoani zilivyo na saa ya matangazo ya vifo. Watu wa vijijini hawaikosi hiyo saa hata kama taarifa ya habari wanaizima. Tulikwenda kwenye redio moja hapa mjini ambayo masafa yake yalifika bondeni kwa kukwaruza. Dada wa mapokezi akanipa karatasi, nikaandika, akaisoma, akainua macho.

"Kaka, hii ni nini?"

"Ni tangazo."

"Sisi tuna vifo, mazishi, arobaini, na vitu vilivyopotea. Aliyefufuka tunamweka wapi?"

Mzee Salehe akaegemea dirishani. "Muweke kwenye vilivyopotea, mwanangu. Ulipotea mdomoni mwa huyu."

Dada yule alicheka mpaka akaita wenzake. Lakini tangazo lilisomwa jioni ile, na mtangazaji, Mungu ambariki, alilisoma kwa sauti ile ile ya kutangazia vifo, bila kicheko: kwamba mto Lukwivi, uliotangazwa gazetini kuwa umekufa, haujafa, umelala, mwandishi wa habari ile, Ambakisye, anawaomba radhi ndugu wote wa bonde, na anaomba kitu chochote kisigawanywe mpaka mto uamke. Ndipo ukurasa wangu wa kila wiki ulipokwenda zake. Mhariri aliusikia mwangwi wa tangazo lile, Dar si mbali kama mnavyodhani. Hakunipigia tena.

Tangazo la redioni peke yake halizuii shoka. Asubuhi nilipanda basi na mzee tukateremka bondeni. Tulimkuta Fadhili na wenzake kwenye mkuyu wa pili. Alikuwa kijana wa makamo yangu, mwenye mabega mapana, na gazeti langu limekunjwa mfukoni mwa nyuma. Alilitoa akalikunjua.

"Hili ni lako?"

"Ni langu."

"Na redioni jana, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Wiki iliyopita umeuua, jana umeufufua. Wewe ni mwandishi au mganga?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nikawaacha wamalize. Nikawaambia kwamba nilisikia neno moja nikaandika jingine, kwamba mzee wao hakusema mto umekufa, na kwamba kama wameshika shoka kwa sababu ya gazeti langu basi waliweke chini kwa sababu yangu mimi mwenye gazeti. Fadhili alinisikiliza. Alipojibu, hakuwa na kejeli tena.

"Sawa, umelala. Lakini mwandishi, mto ukilala, tumbo halilali. Hilo mbona hukuliandika?"

Mwanangu, nilikuja pale kusahihisha neno moja, nikakuta kuna sentensi nzima niliyoiruka. Kijana yule hakuwa mwizi wa mto. Alikuwa na watoto, kiangazi kilikuwa kirefu, na kila mwaka ule usingizi ulikuwa unaongezeka kwa sababu huko juu kila aliyeweza alikuwa amevuta maji kwenye shamba lake. Nilitoka pale siku ya kwanza na mzee mmoja na maneno mawili, nikadhani nimebeba mto wote.

Nikakaa chini kwenye gogo la ule mkuyu ulioanguka. Nikamwambia, "Niambie. Sasa hivi naandika." Tukazungumza mpaka jua likageuka. Mzee Salehe alikaa pembeni akichonga mpini, haingilii. Mwisho Fadhili alisema watasubiri mvua za kwanza, lakini si kwa ajili yangu. "Ni kwa ajili ya mzee," akasema. "Wewe tutakuona kama utarudi. Waandishi huwa hawarudi." Wengine wawili walikataa, wakaendelea na vipande vyao. Mkuyu wa pili haukukatwa. Bado uko pale. Wa kwanza hakuna tangazo la redio lililoweza kuusimamisha.

Mvua zilikawia. Zilipokuja, mzee alinipigia kwa simu ya jirani: "Njoo uone kuamka." Nilikwenda na tope hadi magotini, sehemu nyingine basi tulilisukuma. Hakuna mwandishi mwingine aliyekuwa njiani, kwa sababu masika hakuna mhariri anayenunua ukame. Nikasimama kingoni na kijiji kizima. Kwanza tulisikia mlio kama wa mwanamke anayepepeta mchele uani. Kisha ukaja ukingo wa povu na majani makavu, unatambaa polepole juu ya mchanga, unanusa huku na huku kama kitu kinachokumbuka njia. Watu hawakushangilia. Walisema tu, mmoja mmoja, kama unavyomsalimu mtu asubuhi: "Kamwene. Kamwene." Na mimi nikasema.

Palipokuwa na ule mkuyu ulioanguka, maji yaliula ukingo yakachukua njia ya akina mama ya kuteremkia mtoni. Hadi leo wanazunguka mbali na ndoo kichwani. Wakinikuta wananisalimu vizuri kabisa, na mimi naijua ile njia ilipokuwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Niliandika habari ya kuamka. Wahariri wengi walinijibu kwamba mto unaotiririka si habari. Ilizunguka muda mrefu, mwishowe jarida moja dogo likaichukua, na mhariri wake akaniuliza swali ambalo hajawahi kuniuliza mhariri mwingine: "Umekwenda mara ngapi?" Tangu hapo sikukosa kazi kwa watu wa aina yake. Ni wachache, na hulipa kwa kuchelewa, lakini wapo.

Kwa hiyo ukiniuliza fursa iko wapi, jibu langu si zuri kwa kundi la kwenye simu. Fursa iko masika, wakati barabara ya Madibira ina tope na wenzako wote wamerudi mjini. Kiangazi kila mtu ni mwandishi wa mazingira. Fursa iko kwa Fadhili, siyo kwa mzee wa kupigwa picha peke yake. Iko katika safari ya pili, maana ya kwanza unapewa maneno, na ya pili ndipo unapewa maana. Na tena nakuonya: siku hizi mnaandikia watu wa ng'ambo, mnalihamisha neno la bibi yako kutoka Kihehe kwenda Kiswahili, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Kila kivuko neno linaloana kidogo. Mhariri wa mbali atakuuliza, "Yaani umekufa?" Usiseme ndiyo kwa sababu mtandao unakatika.

Miaka ilikwenda. Mzee Salehe alizeeka hadi ikawa namtembelea yeye kuliko mto. Siku moja nilipiga simu kumjulia hali, akapokea mjukuu wake, Zaina, ambaye ndiye aliyekuwa akimtunza.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, Zaina. Naomba mzee."

"Babu amelala."

Nilikuwa Uyole, sokoni, kelele za watu zimenizunguka, na mimi sikusikia chochote. Mdomo wangu ulikuwa tayari umeanza kusema pole. Nikaukamata. Nikauliza swali nililopaswa kuuliza mchangani nikiwa kijana.

"Zaina, mama. Amelala vipi?"

"Amelala usingizi, baba mdogo. Amekula ugali na maziwa, anakoroma mpaka kuku wamehama uani. Nimwamshe?"

"Hapana," nikasema. "Usimwamshe. Mwache alale."

Na nikakaa juu ya gunia la viazi la mtu, nikalia kwa furaha, mwenye gunia ananishangaa. Alipofariki kweli, masika yaliyofuata, Zaina alinipigia tena. Nadhani alikuwa amesimuliwa, kwa sababu alitumia neno lisilo na njia mbili. Nilibeba mchele wangu kutoka Mbeya. Nilikaa chini. Mto ulikuwa macho siku hiyo, tuliusikia wakati wote wa maziko.

Basi mwanangu, ninachokuachia ni hiki. Ulimi hauna mfupa, lakini kalamu inao, na ikimvunja mtu haimuungi. Kabla hujaandika kwamba kitu kimekufa, uliza kama kimelala. Uliza neno ulilozaliwa nalo kama unavyouliza la kigeni. Ukikosea, usitume mtu. Nenda mwenyewe, mchana, kwa jina lako, hata kama ukurasa utakupotea, kwa maana ukurasa hupatikana mwingine na mkuyu haupatikani kwa umri wako wala wa mwanao. Na ukishaandika, rudi. Rudi hata kama hakuna anayekulipa nauli. Watu wa bonde wanatuhesabu kwa kurudi kwetu.

Mungu akupe miguu isiyochoka, na sikio linalotangulia miguu. Akulaze salama kila unakolala, njiani au nyumbani, na akuamshe kwa wakati wake kama anavyoiamsha mito. Na siku watu watakapokutaja mdomoni, wasikutangazie yasiyokuwapo.

Kamwene, mwanangu. Nenda.